Ufa Niliouziba

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya samani mtaani Kuze, nyapara hakunipa randa wala msumeno. Alinipa bakuli la gundi iliyochanganywa na unga wa mbao.

"Kazi yako ni hini," akasema. "Penye ufa, ziba. Penye kifundo, ziba. Mteja asione kitu."

Nilitoka Kwale nikijiita fundi, nina mke na mtoto, na moyo uliniuma. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Vijana wa leo hawajui kwamba kuziba kulikuwa ufundi. Unga ulitoka kwenye mti uleule ili rangi zisipishane. Gundi ikikauka unapiga msasa, kisha vanishi. Nilikuwa hodari, na nilijivuna mno. Vita vya dunia vilipokata njia ya meli zilizoleta mbao za msaji kutoka ng'ambo, tukaletewa mvule na mbambakofi kutoka bara, magogo yaliyopinda na kujaa vifundo. Kazi yangu ikazidi.

Ndipo Maalim, mwalimu wa madrasa ya jirani, alipoagiza kiti. Mguu mmoja wa nyuma ulikuwa na ufa mrefu. Nilimwonyesha nyapara.

"Ziba," akasema.

Nikaziba. Karisa, mwenzangu wa benchi kutoka Rabai, akauunga mguu kwa ulimi wa mbao uliozama katika tundu lake, kazi safi isiyotaka msumari. Juma halikwisha, kiti kikavunjika mbele ya wageni, na Maalim akavunjika mkono.

Vipande vikarudishwa. Tajiri, ndivyo tulivyomwita Mhindi mwenye karakana, alikuwa mfanyabiashara asiyewahi kushika patasi. Akauliza nani kaharibu.

"Ni kiungo cha Karisa," nyapara akasema.

Karisa akaapa kwamba sicho. Mimi niliiona gundi yangu inang'aa palipovunjika, na nyapara akaniona nikiiona. Nikarudi kwenye bakuli langu. Karisa akafukuzwa mchana ule, na kabla ya magharibi kila karakana ya kisiwani ilikuwa imesikia kwamba hafai.

Nilinyamaza siku mbili. Siku ya tatu nikasimama mbele ya Tajiri.

"Ufa ulikuwapo. Niliuziba mimi."

"Nyamaa wewe," nyapara akasema.

"Mwache aseme," akajibu Tajiri. Aliposikia yote, akaagiza Karisa arudishwe, na mimi akanituma kwa Maalim.

Nilimkuta barazani, mkono umefungwa.

"Uliujua ule ufa?"

"Niliujua, Maalim."

Akautazama mkono wake. "Basi n'tengezee changine. Na ufa wake niuone."

Nikapasua gogo lilelile lililotoa kiti cha kwanza. Safari hii ufa niliuweka kwenye egemeo, wazi, nikaukaza kwa vipande vya mbao vipana ncha zote mbili, vyembamba katikati. Vifundo nikavisugua mpaka vikang'aa, na mikono ya kiti ikafuata mpindo wa tawi. Nyapara alikicheka. Lakini waliokuja kumjulia hali Maalim walikishika, wakakizunguka, kisha wakaja kuagiza vyao.

Leo nimestaafu, na vijana huniuliza nilipataje jicho la kuona uzuri wa mti wenye kasoro. Lilikuwa woga tu. Sikuthubutu kuficha tena. Karisa alinisamehe. Tulishika benchi moja miaka mingi, tukazikiana wazee wetu. Lakini hakuwahi kuketi kwenye kiti nilichokitengeneza mimi. Siku ya kuniaga, nilipostaafu, nilimsogezea kimoja.

"Ahsante, Hamisi," akasema. "N'tasimama."