Upanga Alilala

Kila Jumamosi mchana, wifi yake alipotokea mlangoni na mkoba begani, Mama Upanga alikuwa na swali moja tu, na hata salamu zilisubiri.

"Kimetoka?"

"Hakijatoka."

Hapo ndipo waliposalimiana. Wifi alivua viatu, akakaa kwenye stuli ya dirishani na kutoa kitabu, na Mama Upanga, fundi wa nguo, akakanyaga cherehani yake. Mmoja alisoma kwa sauti, mwenzake akashona. Mtu hawezi kupinda suruali na kusoma kitabu kwa wakati mmoja, labda awe amechoka na vidole vyake. Kwa hiyo Mama Upanga, aliyeijua hadithi ya *Milango ya Ukungu* kuliko wengi waliojinunulia, alikuwa hajaisoma hata ukurasa mmoja kwa macho yake mwenyewe. Aliisikia. Vitabu vilikuwa vya wifi, viliingia na mkoba wake na kutoka nao.

Vilikuwa sita. Cha saba, kilichoahidiwa kumaliza hadithi yote, kilikuwa kinakuja mwaka huu, kisha mwakani, kisha mwandishi anaumwa mgongo, kisha amebakiza kidogo tu, kisha kimya. Watoto waliokuwa wakinyonya kilipotoka cha sita sasa waliletwa kupimwa sare za shule. Nje ya duka la vitabu mashabiki walikutana kumsema mwandishi vibaya: mvivu, mwenye maringo, ameshiba sifa. Walioanza wakiwa vijana sasa walikuwa na vipara, na bado wanabishana nani atakalia kiti cha ufalme. Mama Upanga peke yake alimtetea. "Mwacheni mtu apumzike," alisema, pini zikiwa mdomoni. "Kwani mnawahi wapi?"

Walidhani ana roho nzuri. Alikuwa na lake.

Huyo wifi aliletwa na mdogo wake wa kiume, fundi wa friji. Siku ya kutambulishwa, dada mtu hakumpenda. Msichana hakuwa na kosa lolote, alikuwa kimya tu, na Mama Upanga, ambaye husema hata na kitambaa, hakuwaamini watu wakimya. Alimwita "bibie," kwa sauti ile ile aliyowawekea wateja wasumbufu. Harusi ikapita, na bibie akawa anakuja Jumamosi akitoka kazini kwenye kiwanda cha mikate, kwa adabu ya bi harusi mpya. Anakaa, hana la kusema, anatoa kitabu. Mwisho Mama Upanga akachoka.

"Kama unasoma, si usome na sisi tusikie?"

Sisi ilikuwa yeye na cherehani. Basi bibie akasoma, na ikaonekana kwamba yule mtu kimya alikuwa na sauti ya kumsimamisha mpita njia. Alimtoa mfalme kwa sauti ya kifuani, wachawi akawatoa puani. Walipofika kitabu cha pili, wateja wa Jumamosi mchana walianza kuambiwa warudi Jumatatu.

Siku ya mambo kugeuka walikuwa katikati ya kitabu cha tano. Kambi imechoka, vita ni kesho. Bibie akasoma: "Mfalme alilala, mlinzi alilala, upanga alilala alani mwake, na nje ukungu ukapanda."

Cherehani ikasimama.

"Hebu rudia hapo, wifi."

Akarudia. Mama Upanga aliruka kutoka kwenye kiti na gauni la mtu likaanguka chini. Upanga ni kitu, alieleza, kama vile mwenzake katoka sayari nyingine. Upanga umelala. Upanga umevunjika. Upanga umeibwa. Hauna roho, hausemwi kama mwenye roho. Sasa mwandishi anayejua kazi yake akisema upanga *alilala*, maana yake ndani ya upanga mna mtu. Na ni mtu gani anatafutwa tangu kitabu cha kwanza, nchi nzima, milima na mabonde? Binti mfalme! "Kamficha humo, mjanja yule! Kamficha kwenye herufi moja!" Alimkumbatia msomaji wake, sindano na yote.

Tangu siku hiyo kila aliyekuja kupunguziwa kiuno alipewa habari za upanga bure, na ndivyo jina lilivyomkaa. Kila waliporudia kitabu cha tano, na walikirudia sana maana cha saba hakikuja, walipofika mahali pale alisimamisha cherehani kwa heshima, akasikiliza, akatikisa kichwa, akaendelea.

Halafu fundi wa friji akamwacha mkewe, akaoa mwingine.

Jumamosi ya kwanza baada ya talaka, Mama Upanga alikaa mbele ya cherehani bila hata kutia uzi. Alimpenda sana yule mtu, hilo hakuwa amelijua mpaka siku hiyo. Saa ile ile ya siku zote mlango ukagongwa.

"Kimetoka?" akauliza.

"Hakijatoka," alijibu wifi, akavua viatu.

Habari za talaka hawakuzigusa. Walisoma. Lakini habari za Jumamosi hizo zilimfikia mdogo mtu, na mke wake mpya hakufurahi, basi mdogo mtu akafunga safari kuja kumweka dada yake sawa.

"Dada, huyo si wifi yako tena. Watu wananiuliza anafuata nini kwetu, niwajibu nini?"

"Wajibu tunasoma."

"Mpaka lini?"

"Mpaka kiishe. Hadithi haiachwi katikati."

Fundi wa friji alifikiri, akaona hilo si kubwa. "Haya. Malizeni hicho kitabu chenu. Kikiisha, na yeye aishie hapo hapo. Tumekubaliana?"

"Tumekubaliana," alisema dada, haraka haraka, akijiona amempiga chenga mtu mzima. Kitabu cha saba hata hakikuwa kimeandikwa. Na hilo ndilo lililokuwa lake: dunia nzima ikiomba mwandishi apone mgongo, yeye aliomba umsumbue kidogo tu, asiumie, ila asikae kitako.

Miaka ikaenda hivyo. Kisha redio ikasema, Jumatano asubuhi, wakati amemwinulia mteja mikono kumpima kifua: mwandishi ametangaza kwamba ameiacha kazi hiyo. Amejaribu, imemshinda. Kitabu cha saba hakitakuwepo.

Alimwacha mteja na mikono yake juu, akatoka na utepe wa kupimia shingoni mpaka duka la vitabu. Mashabiki walishajaa. Mmoja analia waziwazi, mwingine anacheka kwa hasira, na muuza vitabu anawajibu wote kwa pamoja kwamba ndiyo, ni kweli, na yeye pia inamuuma.

"Pole, Mama Upanga," alisema alipomwona. "Ndiyo basi tena. Hatutajua."

"Nyinyi ndio hamtajua. Mimi najua. Upanga alilala."

"Ulilala."

"Alilala! Kitabu cha tano, kambini."

Muuza vitabu hakuwa mtu wa kejeli. Alinyoosha mkono rafuni, akatafuta ukurasa, akamgeuzia. Kwa mara ya kwanza Mama Upanga aliiona sentensi yake kwa macho. Mfalme alilala, mlinzi alilala, upanga ulilala alani mwake.

"Hiki kitakuwa kimechapwa upya," alisema.

"Hakijawahi kuchapwa upya, mama. Vyote ni hivi hivi."

Alirudi nyumbani polepole. Aibu ya mbele za watu ilikuwepo, lakini hiyo ingepita. Kilichomkaba ni hesabu nyingine. Ulimi kuteleza mara moja, sawa: mfalme alilala, mlinzi alilala, nani hatateleza hapo? Lakini wifi aliisoma sentensi ile mara nyingi, mwaka baada ya mwaka, na kila mara ilikuwa alilala. Mara ya kwanza alikosea. Zilizobaki alidanganya. Alikuwa anamcheka? Miaka yote hiyo, anarudi kwake na mkoba wake, anacheka njiani?

Jumamosi ikafika. Wifi alichelewa kuliko siku zote, na alipotokea mlangoni hakuna aliyeuliza kitu. Alivua viatu, akakaa kwenye stuli na mkoba mapajani, kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

"Umekuja nacho cha tano?"

"Ninacho."

"Nisomee kambini."

Wifi alifungua pasipo kutafuta. "Mfalme alilala, mlinzi alilala, upanga alilala..."

"Soma kilichoandikwa."

Wifi alifunga kitabu, kidole chake kikabaki ndani.

"Umeonyeshwa wapi?"

"Dukani. Mbele ya watu."

"Pole, wifi."

"Usinipe pole! Niambie ulikuwa unanicheka. Niambie nijue."

"Sikukucheka hata siku moja." Alisema kwa sauti yake halisi, si ile ya wafalme. "Siku ile ulimi uliteleza tu. Nikataka kusahihisha, na kabla sijafungua mdomo ukasema, 'Hebu rudia hapo, wifi.' Ulikuwa hujawahi kuniita hivyo. Nimekaa humu miezi na miezi mimi ni bibie. Sasa nirudie, niseme nimekosea, halafu niwe bibie tena? Nikarudia vile vile. Na baadaye ilikuwa tayari ni yako, unawaambia watu, unafurahi. Kila tukikaribia ukurasa ule nilikuwa naogopa utaniomba kitabu."

Mama Upanga alitaka kukasirika. Alikuwa amejiandaa tangu Jumatano na maneno alishayapanga, makali, mazuri. Hakuyaona hata moja. Aliinua mkono kufuta uso kwa ukingo wa kanzu ya mteja, akakumbuka ni ya mteja, akafuta kwa mkono.

"Mjinga wewe," alisema. "Wajinga wawili."

Mlango ulikuwa wazi, na fundi wa friji aliingia bila kubisha kama alivyozoea kwa dada yake, suruali mpya begani. Alimwona aliyekaa kwenye stuli, akasita, kisha akajikaza.

"Nimesikia redioni," alisema. "Pole zenu. Lakini dada, tulikubaliana. Kitabu kimeisha."

Wifi alianza kutafuta viatu vyake kwa miguu. Alikuwa mtu wa adabu mpaka mwisho, ila njiani kuelekea kwenye viatu alijitetea kidogo, kwa sauti ya chini. "Hakijaisha. Alichosema ni kwamba hakitaisha."

Ilikuwa hoja nzuri. Mama Upanga aliiona uzuri wake mara moja: ulisema kikiisha, na hakitaisha milele, kwa hiyo kaa ukingoje na wewe. Angemshinda mdogo wake mchana kweupe na wangesoma mpaka meno yawatoke. Mdomo ulishafunguka. Kisha akamtazama yule mwanamke aliyeinama kuvaa viatu, aliyedanganya miaka yote hiyo asipoteze neno moja, akachoka kabisa na habari za kitabu.

"Wifi, vua viatu," alisema. Akamgeukia mdogo wake. "Si habari ya kitabu."

"Ni habari ya nini basi? Huyu mimi nimemwacha, dada. Nimemwacha!"

"Wewe ndiye uliyemwacha. Mimi sijamwacha."

Fundi wa friji alimtazama dada yake, akamtazama aliyekuwa mkewe, na hakuna aliyemsaidia. Akaitoa suruali begani, akaiweka mezani pole pole.

"Ilikuwa ya kupindwa tu," alisema. "Nije kuichukua lini?"

"Siku yoyote. Jumamosi ndiyo usije, nakuwa na wifi yangu."