Dawa ya Kifua ya Fundi Sofa

Kwa kusingizia, fundi sofa hakuwa na mpinzani. Kikohozi kilipomwanza alisingizia vumbi la sponji. Kilipokataa kuondoka, akasingizia gundi. Na kwa kuwa karakana yake kweli ilijaa vumbi na gundi, mkewe aliamini, akamshonea barakoa kwa kitambaa cha makochi, yenye maua. Fundi akawa anaivaa kutwa, akiishusha kidevuni pale tu anapokwenda nyuma ya karakana kuvuta.

Nyumbani ilijulikana kuwa sigara aliacha zamani, alipozaliwa kifungua mimba wao. Mama mkwe ndiye aliyeitangaza habari hiyo kwa kila mtu. "Mkwe wangu akisema jambo, limekwisha," alizoea kusema, na kila aliposema, fundi alitazama viatu vyake.

Daktari wa kifua hakudanganyika. Alimpulizisha kwenye mashine, akasoma majibu, akamwambia mapafu yameharibiwa na moshi na yaliyoharibika hayarudi.

"Lakini ukiacha, utayatunza yaliyobaki. Hii pampu ya kupulizia dawa kifuani peke yake haitoshi. Nakupa na vidonge vya kukata hamu ya sigara. Vinatia kichefuchefu, kwa hiyo meza ukiwa umekula. Na mkeo ajue, akusaidie."

Fundi aliitikia yote. Kisha njiani akatupa boksi na maelezo yake, vidonge akavitia katika kichupa kitupu cha vitamini. Mkewe alipouliza, akajibu, "Dawa ya kifua." Sasa hapo kuna uongo gani? Kwani mapafu yako gotini?

Cha ajabu, vidonge vilifanya kazi. Sigara ikaanza kumchusha. Siku nyingine jua lilizama hajakumbuka hata kwenda kule nyuma. Alitamani sana kumwambia mtu, lakini utajisifu vipi kwa kuacha kitu ulichokwisha kukiacha?

Ndipo mama mkwe alipokuja kuwatembelea, akiwa na mafua na kikohozi. Mkewe fundi, kwa huruma yake, akamchukulia kichupa.

"Meza hii, mama. Dawa ya kifua ya mkweo, imemsaidia kweli."

Akampa viwili, asubuhi, kabla ya chai. Fundi alipoitwa kutoka karakanani alimkuta mama mkwe amejilaza kwenye kochi, ametapika hadi hana cha kutapika, anasema nyumba inazunguka. Wakamkimbiza zahanati, mkewe amebeba kile kichupa.

Muuguzi alimpima, akamlaza kitandani, akawatoa hofu kwamba atapona. Kisha akamimina vidonge kiganjani na kuvigeuzageuza.

"Hizi ni dawa za kuacha sigara. Nani anavuta hapa?"

Fundi alitazama viatu vyake. Mkewe alikuwa anamkodolea macho muuguzi, haelewi. Mama mkwe, midomo imempauka, akanyanyua mkono kitandani.

"Mimi."

"Mama!" mkewe fundi akamaka.

"Nyamaza wewe. Ni zangu."

Muuguzi akatikisa kichwa. "Bibi yangu, umri huu? Huoni hata aibu?"

"Naona, mwanangu. Nisamehe."

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Kumbe mama huyu alijua. Pengine alijua siku zote, hata alipokuwa akimsifu mbele za watu, na sasa anakubali kukaripiwa na muuguzi wa umri wa mjukuu wake ili mkwewe asiumbuke. Akafungua mdomo, kikohozi kikamtangulia. Alikohoa hadi akainama, ameshika ukingo wa kitanda.

"Ni zangu," alisema alipopata pumzi. "Mama hajawahi kuvuta."

"Lakini wewe si uliacha?" mkewe akauliza taratibu.

"Sikuacha. Sikuwahi kuacha."

Machozi yalikuwa yanamtoka fundi, na hakuwa na pa kuyaficha. Mama mkwe akavuta shuka, akageukia ukutani, asije akaonekana amemwona mkwewe akilia.