Choo Kinachomsubiri Mgeni Rasmi

Choo cha soko kule Makambako kilikamilika, kikapakwa rangi, maji yakavutwa, kisha kikafungwa kwa kufuli na hakuna mtu aliyeruhusiwa kukitumia. Nataka uelewe hilo vizuri kabla sijaendelea, maana mpaka leo nikilisimulia shingo inapata moto. Choo kipo. Maji yapo. Kina mama wanaouza viazi na nyanya wanavuka barabara kuu, wanapishana na malori ya Mbeya na ya Songea, wanakwenda kubembeleza kwenye hoteli ya watu waruhusiwe kujisaidia. Kisa? Mgeni rasmi hajakizindua.

Msimamizi wa mradi huo nilikuwa mimi.

Sikuisomea kazi hii. Nina cheti cha kidato cha nne, na siyo cheti cha kutundika ukutani. Usimamizi nilijifunzia kwenye kamati za harusi, hapa hapa Njombe. Ukiweza kumfikisha mpishi, mpiga picha na mama mdogo wa bibi harusi mahali pamoja kwa saa waliyokubaliana, hata daraja unajenga. Kazi yenyewe niliipata kwa ugomvi. Nilikuwa mjamzito, tumbo limefika mbali, nagombana na fundi aliyefunga mlango wa jikoni ukawa ukifunguliwa unagonga jiko. Jirani yetu, mwenye kampuni ya ujenzi, alisimama nje kwake akasikiliza mpaka mwisho. Fundi alipoanza kuung'oa ule mlango bila kunijibu, jirani akasema, "Dada, nina mafundi wengi wa aina hiyo. Njoo uwagombeze kwa mshahara." Nilijifungua, nikapumzika, nikamfunga mtoto mgongoni nikaripoti kazini. Ndivyo jirani alivyogeuka bosi.

Nilianza kwa kubeba maneno ya bosi kwenda kwa mafundi. Baadaye nikawa nabeba ya kwangu. Choo cha soko ndio ulikuwa mradi wa kwanza kuachiwa peke yangu, na bosi alinieleza bila kuzunguka. Huu ukiisha vizuri, mradi wa maji wa Kichiwa ni wangu, na mkataba wa kudumu nitapata. Ukiisha kwa aibu, mashamba ya parachichi yanatafuta vibarua. Na wafadhili walishasema kwamba mradi hauhesabiwi umeisha mpaka watu wanautumia. Kwa hiyo choo kizuri chenye kufuli ni mradi ambao haujaisha, na mimi ni mwanamke ambaye hana kazi. Hesabu ni rahisi.

Ufunguo alikuwa nao mwenyekiti wa soko. Ni mfanyabiashara wa mchele, mtu wa Singida aliyehamia Makambako kabla sijazaliwa, mswalihina, mpole, na mbishi kuliko nyumbu. Ufunguo aliufunga kamba akauvaa shingoni, ndani ya kanzu. Nilimfuata dukani kwake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti yangu. Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Mzee, naomba ufunguo wa choo."

"Umebanwa?"

"Sijabanwa. Soko zima limebanwa."

"Subira, mama. Mgeni atazindua nini kama kimeshatumika? Wewe unaweza kumpakulia mgeni kwenye sahani aliyokwisha kulia mtu?"

"Mzee, hiki siyo sahani."

"Ndiyo maana nakilinda zaidi."

Nikaondoka. Ningebaki ningesema neno ambalo mtoto angelijifunza.

Mgeni rasmi mwenyewe, mkubwa mmoja wa serikali, akawa anaahirisha. Mara ana kikao Dodoma, mara ana msiba, mara hatuambiwi kitu. Kila akiahirisha, wale kina mama wa viazi wananiangalia mimi. Mmoja akawa ananisalimia kwa sauti ya sokoni, watu wote wasikie: "Kamwene, mama choo. Leo tunaenda kwako au kwa hoteli?" Wenzake wanacheka. Mimi nacheka pia, kwa meno tu.

Hatimaye siku ikafika. Ilikuwa mwezi wa sita, na baridi ya mwezi wa sita sitaieleza, anayeijua anaijua. Upepo wa Makambako ulikuwa unapuliza mahema kama unataka kuondoka nayo. Mgeni alitokea Njombe mjini, na sasa sikiliza jambo ambalo hakuna aliyeliweka kwenye mpango kazi, hata mimi. Kwetu mgeni hapiti mlangoni kwa mtu bila kunywa chai. Na chai ya baridi haiwi kikombe kimoja, kwa sababu cha kwanza ni cha kupasha mikono. Dereva wake alinihesabia baadaye. Ofisini chai. Misheni, masista wakampa chai ya maziwa, wakaongeza na uji wa njiani. Wakasimama tena kwa familia moja ya waumini wa pale misheni, wakulima, ambao wangenuna angepita. Chai. Alipofika kwetu, kamati ya soko ikampokea kwa nini? Kwa chai.

Akaketi mbele, kwenye kiti chenye kitambaa. Ratiba ilikuwa hivi: kwaya, ngoma, utambulisho, risala, majibu ya risala, kisha uzinduzi. Kwaya ikaimba beti zote. Ngoma ikachezwa, na wachezaji walipoona mgeni anatikisa miguu wakadhani amependa, wakarudia.

Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na mwanangu mgongoni, na nikamwona. Magoti yamekutana. Mguu mmoja unapigapiga. Tabasamu halitoki usoni lakini macho yameshaondoka. Siku hizi bosi hunipa wasimamizi wapya niwafundishe, vijana wenye diploma, wanakuja na kompyuta zao wakiuliza habari za kusimamia wadau. Nikifika hapa huwa nasimama nawaambia, mdau mkubwa usimwangalie usoni, usoni amejipanga. Mwangalie magoti. Siku moja kijana mmoja akainua mkono, "Madam, hiyo inaingia hatua ipi ya mradi?" Nikamwambia inaingia hatua ya kabla hajachelewa. Akaandika.

Mimi ni mama. Mtu aliyebanwa namjua hata akiwa amevaa suti.

Nikamfuata mshereheshaji. "Ruka risala."

"Haiwezekani, dada. Itifaki."

"Mgeni amebanwa."

Akamtazama mgeni. Akaniangalia. "Si anafurahia?"

Nikamwacha, nikaenda kwa mwenyekiti wa soko. Yeye alielewa mara moja, kwa sababu ni mtu mzima. Akainama akaninong'oneza, "Tumpeleke kule hotelini. Atembee taratibu, watu watadhani anasalimia."

"Mzee, umejenga choo, na mgeni wa choo unataka akajisaidie kwa jirani?"

"Hiki hakijazinduliwa."

"Basi azindue."

"Risala je?"

Katibu wa kamati alikuwa ameshasimama kwenye kipaza sauti, ameishika risala kwa mikono miwili, na ilikuwa ndefu mpaka imekunjwa. Akasema, "Historia ya soko letu inaanzia enzi za ukoloni." Mgeni akafumba macho.

Hapo ndipo nilipomnyang'anya katibu kipaza sauti. Sijui neno lingine la kuliita. Nikasema kwa sauti ya ofisini, ile wanayotumia wenye vyeo, "Kutokana na marekebisho ya ratiba, mheshimiwa sasa atazindua mradi." Mwanangu mgongoni akapiga mwayo ndani ya kipaza sauti, soko zima likasikia.

Mheshimiwa alishafika. Naapa sikumwona akiinuka. Alikuwa kitini, kisha alikuwa mbele ya utepe, na mwenyekiti anamfuata mbio huku anavuta ile kamba shingoni. Mkasi ukaletwa juu ya sinia. Ulikuwa mkasi wa karatasi wa mtoto wa shule, maana aliyepewa kazi ya kununua mkasi alinunua wenye rangi nzuri. Mheshimiwa akakata, utepe ukajikunja. Akakata tena. Akaniambia kwa sauti ya chini sana, "Mama, vuta upande huo." Nikavuta, na yeye akavuta, tukaupasua kwa mikono kama watu wanaogombania khanga. Kufuli likafunguka. Akaingia. Akafunga mlango.

Sasa kwaya. Mwalimu wa kwaya alikuwa ameambiwa utepe ukikatika waimbe, na yeye ni mtu wa kufuata maagizo. Wakaimba. Kina mama wakapiga vigelegele. Umati wote ukasogea, ukasimama mbele ya mlango wa choo ambamo mtu amejifungia, ukapiga makofi. Nilitamani ardhi inimeze, ila ilikuwa sakafu ya zege niliyoisimamia mwenyewe na nilijua haipasuki.

Wimbo ukaisha. Pakawa kimya. Na katika kimya kile maji yakashuka.

Yalishuka vizuri, kwa nguvu, kama tulivyokusudia. Umati ukashangilia kuliko ulivyoishangilia kwaya.

Mheshimiwa akatoka na uso wa mtu aliyelala vizuri. Akapewa kipaza sauti. "Ndugu wananchi," akasema, "mradi huu nimeukagua mwenyewe. Unafanya kazi." Akaketi. Katibu akauliza risala aisome lini, mtu akamwambia aende nayo nyumbani. Yule mama wa viazi hakusubiri pilau. Alishapanga foleni, na nyuma yake soko zima.

Bosi akanivuta nyuma ya hema. Macho yalikuwa mekundu, sijui ni ule upepo.

"Ratiba nilipitisha mimi."

"Ndiyo, bosi."

"Umemnyang'anya katibu kipaza sauti mbele ya mgeni rasmi."

"Ningemwachia, mgeni rasmi angezindua kiti."

Mwenyekiti wa soko akatokea, anajifuta jasho pamoja na baridi yote ile. Akamwambia bosi, "Huyu binti umemtoa wapi? Mgeni ameondoka anacheka. Wa mradi uliopita aliondoka anasinzia." Akaenda zake kwenye pilau.

Bosi akatazama ile foleni ya kina mama ilivyokuwa inaingia na kutoka, kisha akatoa simu, akaipiga picha. Nikajua ni ya wafadhili. Mtu hapigi picha ya aibu yake akaituma kwa wafadhili.

"Kichiwa unaanza Jumatatu," akasema bila kunitazama. "Na mkataba upitie ofisini usaini. Ila sherehe ya uzinduzi wa huko utaniachia mimi."

"Huko bomba likitoa maji, watu watachota siku hiyo hiyo."

"Mama wee," akasema, kwa uchovu. Kisha akamwangalia mwanangu, aliyekuwa anatafuna kola yangu. "Na huyu huko Kichiwa utamweka wapi?"

"Mgongoni. Wewe wa kwako uliwaweka wapi?"

"Kwa mama yao."

"Haya. Na mimi wa kwangu yuko kwa mama yake."

Akaenda kuwasha gari. Nikaenda kupanga foleni, maana tangu asubuhi na mimi nilikuwa nakunywa chai.