Kuni za Apollonia Thull

Apollonia Thull alizaliwa katika kijiji cha kilimani kando ya mto Mosel, na tangu utotoni alikwenda msituni kuokota kuni, kama mama yake na bibi yake. Hawakukata mti. Matawi makavu yaliyoanguka yalikuwa ya yeyote mwenye mgongo wa kuyabeba.

Mumewe, Mathes, alikata magogo ya mwenye msitu. Kamba chakavu aliyoilalamikia tangu kiangazi ilikatika, gogo likamlalia, akafa. Wakubwa wakaja, wakatazama, wakasema ni ajali. Apollonia akabaki na mama mkwe asiyeinuka kitandani.

Baridi iliyofuata ilikuja na sheria mpya: hata tawi lililoanguka ni mali ya mwenye msitu, na kuliokota ni wizi. Mlinzi wa msitu, Klaes, aliyekua pamoja na Mathes, akamkuta Apollonia na mzigo mgongoni.

“Shemeji, tua.”

“Hizi zimeanguka zenyewe, Klaes. Si unaziona?”

“Naziona. Lakini nisipokushtaki, kesho sina kazi.”

“Haya, nishtaki. Na mama alale na baridi?”

Klaes akatoa daftari, akaandika jina la Apollonia.

Hakimu alikuwa mpole, hata kiti alimpa. Mwenye msitu hakufika. Alitajwa tu kuwa ndiye aliyeibiwa. Apollonia alipoulizwa kama ana la kusema, aliuliza kamba iliyomuua mumewe ilikuwa ya nani. Hakimu akamjibu kwamba hilo halikuwa shauri lililo mbele yake.

Kwa kuwa hakuwa na cha kulipia faini, alihukumiwa kufanya kazi katika msitu uleule, akifunga kuni za mwenye msitu. Jirani aliahidi kumwangalia mama mkwe, naye alijitahidi, akachoma hadi benchi lake ili kumpa joto. Mama mkwe alikufa kabla Apollonia hajaachiwa, amefunikwa koti la Mathes.

Klaes alikuja kuchimba kaburi, ardhi imeganda kama jiwe. Apollonia alimwacha achimbe. Hakumtukana, wala hakumshukuru.

Msimu wa zabibu ulipofika alizunguka mashamba kuomba kibarua. Kila msimamizi alimwambia kwa upole kwamba watu wenye kesi ya wizi hawachukuliwi. Akarudi msituni, akakamatwa tena, na tena. Ikafika mahali Klaes akimwona kwa mbali anageuza njia, mpaka naye akafukuzwa, akaletwa mlinzi kutoka mbali, asiyemjua mtu hata mmoja pale.