Mashine Iliyouliza Hali Mara Moja

Mume wangu Komora hajui kungoja. Nasema hivi nikimpenda. Chai ikichelewa anainywa bila sukari, na mtu akianza hadithi yeye humalizia. Ndivyo alivyokuwa alipokuwa akifungua redio za watu hapa Garsen, na ndivyo alivyo sasa ambapo ni fundi wa kompyuta wa mradi wa tahadhari ya mafuriko.

Kazi yenyewe ni hii. Kandokando ya mto Tana kuna vituo sita, yaani visanduku vyenye kompyuta ndogo ndani. Vinapima kimo cha maji na kuleta namba ofisini, chumba kimoja nyuma ya duka la dawa za mifugo. Namba ya kituo cha juu ikipanda, vijiji vya huku chini vinapata siku mbili za kuhama. Kila kisanduku kina mlinzi wake, mtu wa hapo hapo. Zamani kisanduku kikinyamaza Komora alipanda pikipiki akakifuata. Mara mbuzi ametafuna waya, mara mtu amechomoa betri achaji simu yake. Siku moja alisukuma pikipiki kwenye tope tangu asubuhi hadi alasiri, kumbe mlinzi alizima swichi tu. Alirudi akaapa kuwa ni mara ya mwisho.

Baada ya miezi mitatu alikuwa ameunda mashine yake. Kisanduku kikinyamaza, kompyuta ya ofisini inafungua faili la tatizo yenyewe, inampigia mlinzi simu na kumwuliza. Akibonyeza moja, faili linafungwa. Akibonyeza mbili, Komora anaitwa. Sauti alichukua yangu, eti yake inatisha watu. Nilirekodi huku nakuna nazi: "Hujambo, hali gani huko? Kama ni nzuri, bonyeza moja. Kama kuna shida, bonyeza mbili." Nilimwambia salamu ni fupi mno. Akasema mashine haina haja ya porojo.

Mwezi wa nne shule zilifungwa, tukampeleka binti yetu Mitchelle, wa miaka sita, kwa bibi yake kijijini Idsowe. Nyumba ya mama mkwe iko hatua chache tu kutoka mtoni. Mvua ikaanza kunyesha huko bara. Kila asubuhi nilipita ofisini kuangalia skrini, na kila asubuhi ilikuwa kijani kitupu.

Siku ya tatu nikaona kitu. Namba ya kituo cha juu ilikuwa mita mbili nukta sita. Jana ilikuwa mbili nukta sita. Juzi pia. Mto gani huo, katika mvua hii?

"Baba Mitchelle, hii namba mbona imelala?"

"Kituo kilinyamaza juzi. Mashine ikampigia Mzee Mohamud, akasema ni sawa. Itakuwa mtandao tu." Hakuinua hata macho.

Nilimpigia mwenyewe. Mzee Mohamud, mlinzi wa kituo hicho, ni mfugaji, na hakimbizwi. Nikamsalimu inavyopasa. Hali? Mzuri. Nyumbani? Mzuri. Watoto, mifugo, afya? Vyote mzuri, alhamdulillahi. Komora amesimama mbele yangu ananifanyia ishara, maliza, maliza. Nikampa mgongo. Jasho lilikuwa likinitoka hata mimi, lakini shida haitajwi kabla salamu hazijaisha. Nani huku asiyejua hilo?

"Na kazi, mzee?"

"Hapo ndio iko maneno, mama," akasema. "Hiyo kisanduku nakufa tangu juzi. Maji nachukua yeye na nguzo yake. Sisi nahama na mbuzi."

"Mbona hukubonyeza mbili, mzee?"

"Wewe nauliza hali, mimi nasema mzuri. Nangoja wewe uliza kazi. Halafu wewe nakatia mimi simu. Si vizuri, mama."

Sauti ilikuwa yangu.

Komora alikuwa amesikia yote. Akatuma tahadhari kwa vijiji vyote, vidole vikikosea herufi, kisha akampigia mama yake kwa spika.

"Mama, habari za huko?"

"Njema, mwanangu."

Akashusha pumzi, kidole kikaenda kukata. Nilimpokonya ile simu kwa nguvu, jambo ambalo sijawahi kumfanyia.

"Mama, za nyumbani?"

"Njema."

"Mitchelle?"

"Mzima. Nimemkalisha juu ya meza."

"Na mto, mama?"

"Mto umeingia jikoni tangu alfajiri."

Sikumbuki tulivyofunga ofisi. Nakumbuka pikipiki ikiyumba, na lami ikiishia majini. Watu walikuwa wanatoka na magodoro kichwani. Mwanamke mmoja, maji magotini, alininyooshea simu yake. "Ujumbe wenu umefika," akasema, akapita zake. Nilitamani ardhi inimeze.

Komora aliingia majini na viatu vyake. Yalimfika kiunoni, kisha kifuani, kisha nyumba ya kwanza ikamficha. Nilimwita Mungu kwa majina yote ninayoyajua. Alipotokea tena alikuwa amembeba Mitchelle mabegani, na mama yake nyuma amekamata shati lake kwa mikono miwili.

Alimshusha mtoto juu ya lami, akapiga magoti mbele yake.

"Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo, baba."

Watu wanapiga kelele, maji yanasogea, mimi nimeshawasha pikipiki naita twende. Komora hakusogea. Alimshika mtoto mikono yote miwili, akamtazama, akangoja.

"Baba," Mitchelle akasema mwishowe, "niliogopa sana."