Darubini Moja, Viti Viwili

Homa iliponishika wiki nzima, nilikimbilia maabara ya utafiti wa malale, ugonjwa wa usingizi, hapa Busia, ile tunayotumia pamoja na Waganda. Ilikuwa imefunguliwa majuzi tu baada ya kufungwa ili mabomba yatengenezwe, na kuta bado zilinuka rangi.

Mpimaji, mzee mwenye koti jeupe, alinidunga kidole, akapaka damu kwenye kipande cha kioo, akachungulia darubini, akaandika. Kisha akainuka, akazunguka meza polepole, akakalia kiti cha upande wa pili, akaivuta darubini na kuchungulia upya.

"Mzee, umeona nini?" nikauliza.

"Ngoja kwanza. Hii damu lazima isomwe na watu wawili, mmoja wetu na mmoja wa Uganda. Ndiyo sheria."

"Na huyo wa Uganda?"

"Alienda kwao Tororo siku tulipofunga. Hajavuka tena."

Akaandika mara ya pili. "Huna malale. Nenda nyumbani."

Ofisini mwetu nimezoea kuona watu wawili wakifanya kazi ya mmoja. Hili la mmoja kufanya kazi ya wawili lilinisimamisha mlangoni.

"Na nyinyi wawili mkikosa kuelewana?"

Mzee aliinuka, akakipangusa kile kiti cha mwenzake kwa kiganja, ingawa hakikuwa na vumbi.

"Yule bwana alikuwa ananibishia kila siku, mpaka chai inapoa," akasema. "Tangu tufungue, hatujabishana hata mara moja."