Wifi Aliyehamia Zamu ya Mchana

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Mama Kona anabana pembe mbili za shuka kwenye kamba fupi iliyofungwa kwenye nondo za dirisha. Anarudi kinyumenyume mpaka shuka linyooke, analikung'uta mara moja, kisha anatembea mbele kuelekea dirishani kana kwamba kuna mtu pale wa kumpokea. Hakuna mtu. Kuna vibanio viwili vya plastiki, na kimoja kimevunjika ncha.

"Hivi ndivyo ninavyokunja siku hizi," anasema bila kugeuka. "Kibanio hakina maneno mengi. Ila hakijui kuvuta."

Chumba cha kufulia cha hospitali hii kiko nyuma ya wodi. Mashine mbili za kukaushia zinatoa joto mpaka kuta zinatokwa jasho. Mama Kona ana miaka arobaini na minane, watoto watatu, na amekunja mashuka hapa kwa miaka kumi na minne. Jina hilo alipewa na wauguzi kwa sababu hawezi kuona pembe ya shuka imelala vibaya akaiacha. Mshahara wake unalipa kodi ya vyumba viwili na chakula cha wiki tatu.

"Wiki ya nne tunaisukuma tu," anasema.

Kwa miaka kumi na mmoja kati ya hiyo, alikunja na wifi yake, dada pekee wa mume wake. Shuka la hospitali ni kazi ya watu wawili. Mnashika pembe, mnavuta, mnakunja kwa urefu, kisha mmoja anamfuata mwenzake, anamkabidhi pembe zake na kuinama kuokota mkunjo wa chini. Wawili hao walikuwa wakifikisha mashuka mia tatu kwa zamu. Peke yake, akijikaza, Mama Kona anafika mia moja na sitini.

"Ukikutana na mtu uso kwa uso mara mia tatu kwa siku, utamficha nini?" anauliza. "Mimba yangu ya mwisho aliijua kabla ya kaka yake. Aliniambia, 'Wifi, siku hizi tumbo linanifikia kabla ya mikono. Umemwambia kaka yangu au nimwambie mimi?'"

Anacheka, kisha anaacha.

Sasa wifi anafanya zamu ya mchana, kuanzia saa nane, kwa ombi lake mwenyewe. Wana miezi mitatu hawajasemeshana. Walichokosania ni kura mia nne na moja.

Siku ya uchaguzi wote wawili waliomba ruhusa kazini. Mama Kona aliajiriwa kwa siku hiyo kuwa karani wa kuhesabu kura. Wifi alikuwa wakala wa chama chake, yaani mtu wa kukaa pale na kuangalia kura zisichezewe. Wakapangiwa kituo kimoja, darasa la shule ya msingi, madawati yamesukumwa ukutani.

Vyama vyao ni tofauti tangu zamani. Ukimuuliza yeye ni wa chama gani, anakukata: "Andika vyama viwili. Inatosha." Haikuwahi kuwa shida. Mmoja akichelewa kuvuta shuka, mwenzake alimwambia, "Vuta basi, au umelegea kama chama chako?"

Katikati ya kuhesabu, umeme ulikatika. Zilikuwa dakika kumi na moja, na msimamizi wa kituo aliziandika kwenye daftari lake. Kila mtu aliamriwa aondoe mikono mezani. Wifi akawasha tochi ya simu yake, akalimulika sanduku la kura pale mezani mpaka umeme uliporudi. Wakaanza kuhesabu upya tangu kura ya kwanza.

Mia mbili na kumi na nne kwa mia moja themanini na saba. Chama cha wifi kilishindwa. Alisaini fomu ya matokeo, akachukua nakala yake, na wawili hao wakarudi nyumbani wakicheka, viatu mkononi kwa sababu ya matope.

Siku nne baadaye yakatangazwa matokeo ya nchi nzima. Chama cha wifi kilishindwa huko pia. Ndipo mtangazaji wa kituo cha redio anachokipenda wifi alipoanza kusema, kila asubuhi, kwamba umeme ulikatwa makusudi ili masanduku yabadilishwe gizani. Wifi akaanza kuja kazini na waya za simu masikioni.

Mama Kona anakumbuka siku walipoligusa jambo hilo, shuka likiwa katikati yao.

"Wifi, si wewe mwenyewe uliyemulika?" alimuuliza.

"Nilimulika juu ya meza. Chini ya meza sikumulika."

"Chini ya meza kulikuwa na miguu yangu!"

"Na nani aliimulika?"

Walicheka, anasema, ingawa si kama zamani. Wakaendelea kukunja.

Hapo bado palikuwa na nafasi. Aliyeharibu ni Mama Kona, na hilo halifichi. Naye ana mtangazaji wake, wa upande ulioshinda, mcheshi, anayemsikiliza akipika. Asubuhi moja bwana huyo alisema kwamba mawakala wa wale walioshindwa walinunuliwa soda moja moja wakasinzia. Mama Kona alicheka mpaka mwiko ukamdondoka. Sauti hiyo ilipoanza kusambaa kwenye simu, akaituma kwenye kundi la familia, pamoja na vikaragosi vitatu vya kucheka.

Jibu lilikuja baada ya dakika mbili. "Mimi nilisinzia, wifi?"

Kisha akatoka kwenye kundi.

"Naapa sikumfikiria yeye," anasema Mama Kona. Ameshika shuka, halikunji. "Nilifikiria mawakala. Ilinitoka kabisa kwamba wakala mmoja ni wangu."

Alipiga simu, haikupokelewa. Wiki iliyofuata wifi akabadilisha zamu. Saa nane mchana, Mama Kona anapotoka, wifi husubiri kwenye ngazi za maabara mpaka mwenzake avuke lango.

"Nakiona kilemba chake. Natembea polepole makusudi. Yeye anainama, anajifanya anafunga kamba za viatu." Anapangusa paji la uso kwa kiganja. "Na amevaa ndala!"

Mume wake, fundi baiskeli, amebaki katikati. "Nina mke mmoja na dada mmoja," anasema. "Nikifungulia redio kwa dada yangu nasikia mke wangu ni mwizi. Nikirudi kwangu nafungulia nyingine, nasikia dada yangu ni mjinga. Nimebaki na redio ya mpira tu."

Kila asubuhi Mama Kona hukuta rafu ya mashuka yaliyokunjwa na zamu ya mchana. Ya wifi anayajua. Wifi naye anakunja peke yake, na kwa kuwa miaka yote hiyo alikuwa mpokeaji, mashuka yake yanapinda upande wa kushoto, upande ambao mikono ya mwenzake ilikuwa ikishika. Mama Kona huyatoa, huyakunja upya, huyarudisha kabla wauguzi hawajaja. Hajamwambia mtu.

"Wakilalamika, ataandikiwa yeye," anasema. "Na sitaki mtu mwingine amwambie kwamba yamepinda."

Sasa muda umembana. Wifi ameandika barua ya kuomba uhamisho kwenda hospitali nyingine, upande wa pili wa mji. Msimamizi wa kufulia anakiri kwamba barua iko mezani kwake na ataisaini Ijumaa hii. "Simtaki aende," anasema msimamizi. "Lakini nimkatalie niseme nini? Kwamba wifi yake atalia?"

Mwanzoni Mama Kona alikuwa na mpango wake. Fomu ya matokeo ilibandikwa kwenye mlango wa darasa, naye aliipiga picha. Akaipeleka steshenari, akaichapisha kubwa, sahihi ya wifi ikionekana vizuri. Akaibeba kwenye mkoba wiki mbili kama hati ya kiwanja, akingoja siku ya kumwekea mbele ya uso.

Kilichomzuia ni habari aliyoileta mumewe wiki iliyopita. Baada ya matokeo, watu wa chama cha wifi walikwenda nyumbani kwake, wanne, wakakaa kwenye viti vyake na kumuuliza swali moja: ulikuwa wapi kura zetu zikiibwa? Wifi mwenyewe hakuwahi kumsimulia Mama Kona.

"Sasa fikiria," anasema Mama Kona. "Kwao wanamuuliza alikuwa wapi. Kwetu tunamcheka kwamba alisinzia. Halafu kuna mtu mmoja tu kwenye redio anayemwambia kila asubuhi, 'Mama, hukukosea, ulifanyiwa hila.' Hata mimi ningemsikiliza huyo. Ningenunua na betri."

Picha ya fomu ameiacha kabatini. Bado anaamini alihesabu sawasawa, na akiulizwa hatasema vingine. Lakini anasema hesabu si neno la kumpelekea mtu aliyeumizwa namna ile.

Kesho, Alhamisi, ameomba ruhusa ya siku moja. Saa tatu asubuhi atakwenda kwa wifi. Simu ataiacha nyumbani, asije mtangazaji yeyote akamfuata. Ana sentensi mbili za kusema, na amezifanyia mazoezi hapa, mbele ya mashine, kelele zikimfunika.

"Ya kwanza: hukusinzia, na mimi ndiye shahidi. Ya pili: nisamehe ile sauti."

Na uchaguzi?

"Baada ya miaka mitano upo mwingine. Wifi mwingine nitampata wapi? Mume wangu ana dada mmoja."

Na asipokufungulia?

Mama Kona anakung'uta shuka, anaanza kutembea nalo.

"Nitakaa mlangoni. Zamu yake inaanza saa nane," anasema. "Lazima atoke."